Gari Dogo Likishtukashtuka Mlimani

Unapanda kutoka Mai Mahiu kurudi Nairobi, watoto wamejaa nyuma, na lori liko mbele. Unakanyaga mafuta ulipite, lakini gari, badala ya kuvuta, linashtukashtuka kama mtu aliyepaliwa. Rudi nyuma ya lori mara moja.

Ukifika gereji, fundi mwenye haraka atasema pampu ya petroli imekufa. Usitoe pesa bado, msomaji. Anza na plagi na koili. Toyota Vitz nyingi za lita moja, kwa mfano, zina silinda tatu tu, na kila silinda ina plagi na koili yake. Moja ikikosa cheche, theluthi ya kazi ya injini imepotea. Kompyuta ya gereji ikionyesha P0302, inayokosa ni silinda ya pili. Mwambie fundi ahamishe koili yake hadi silinda ya kwanza, kisha apime tena. Ikija P0301, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, fungua plagi uitazame. Jaribio hilo halihitaji kununua kipuri chochote!

Hizo zikiwa nzima, ndipo utazame chujio la petroli, na pampu iwe ya mwisho.

Taa ya injini ikianza kuwaka na kuzima, usizidi kukanyaga. Petroli isiyoungua huingia kwenye ekzosi, ikaunguza kile kifaa cha kusafisha moshi, ambacho bei yake huzidi plagi tatu kwa mbali sana.