Shilingi Hamsini za Fundi

Kila mwezi, mwajiri nchini Kenya hutozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi aliye naye. Ni tozo ya mafunzo, na husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Haikatwi kwenye mshahara, ndiyo maana wengi hawaijui. Kijana wa Kiplombe anayetamani kazi ya kutunza mitambo ana sababu ya kuijua.

Kiplombe iko pembeni mwa Eldoret, katika eneo bunge la Turbo, na viwanda haviko mbali: Rivatex ya nguo, Ken-Knit ya sweta na blanketi, Raiply ya mbao, mbali na viwanda vya maziwa na vinu vya unga. Kote huko anatakiwa mtu wa kukaza mkanda uliolegea na kubadilisha beringi kabla mota haijaungua.

Kazi hiyo ya mwanzo hudharauliwa bure. Kutia grisi, kwa mfano, kunaonekana kazi ya mtoto. Kumbe grisi ikizidi, beringi hupata moto na kufa mapema. Kabla ya kugusa mtambo, fundi huzima umeme, hufunga swichi kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni mwake, asije mwenzake wa zamu akaiwasha wakati mikono ya fundi iko ndani. Kisha kuna daftari: nini kilibadilishwa, lini, na kwa nini. Ubaoni haya yote ni somo la saa moja. Kwenye mtambo unaozunguka huchukua miezi.

Na mtambo unaozunguka ndio vyuo vingi havina.

Rivatex ingeweza kuziba pengo hilo. Baada ya kiwanda kuporomoka, Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007, kikitaka pia kiwe mahali pa mafunzo na utafiti. Kilifunguliwa upya Juni 2019, kikiwa na mashine mpya zilizonunuliwa kwa mkopo wa India. Mashine kama hizo haziwangojei wahandisi wenye digrii peke yao. Zinamhitaji pia aliyetoka kidato cha nne na kujua kusoma geji.

Ujerumani, fundi wa mitambo ya viwandani hujifunza miaka mitatu na nusu, akiwa na mkataba na kampuni na sehemu kubwa ya muda akiwa kiwandani. Kwetu atachimenti, yaani mazoezi ya kazini ya mwanafunzi wa chuo, ni miezi michache: kijana ndiyo kwanza amezoea njia ya stoo, anaambiwa kwaheri.

Vituo vya mafunzo vya NITA viko Nairobi, Mombasa, Kisumu na Athi River. Eldoret, pamoja na moshi wake wote, haina. Hata hivyo mlango mmoja uko wazi: fundi wa jua kali asiye na cheti anaweza kufanya mtihani wa NITA, akaanza na gredi ya tatu na kupanda hadi ya kwanza.

Maoni ya safu hii ni kwamba viwanda vya Eldoret vichukue vijana kwa mwaka mzima, si miezi mitatu, na vidai sehemu ya gharama kutoka kwenye tozo ambayo vyenyewe hulipa. Meneja anayelalamika kuwa hapati mafundi aulizwe kwanza ana wanagenzi wangapi kwenye zamu ya usiku.