Boksi Tupu Darasani: Somo la Vifungashio Dzaleka na Lilongwe

Katika nchi ya Malawi hakuna haja ya kumfundisha mtoto kwamba boksi tupu lina kazi. Pombe ya Chibuku huuzwa humo katika maboksi ya karatasi ngumu, na boksi likishamalizwa na wakubwa huokotwa na wadogo, likakatwa, likakunjwa, hata likawa lori lenye magurudumu ya visoda. Ndugu ya lori hilo ni galimoto, gari la waya linalosukumwa kwa fimbo ndefu, ambalo limewachosha miguu watoto wa vizazi vingi. Mtoto huyo amekwisha kupima, kukata, kuunga na kujaribu. Lakini akiingia darasani katika kipindi cha sanaa, aghalabu hupewa penseli akaambiwa achore chungu au ua, na ufundi aliokuja nao huachwa nje ya mlango.

Nafasi ya kuuingiza ndani ipo. Mtaala wa shule za msingi za Malawi ulioanza kutumika mwaka 2007 una somo la sanaa linalounganisha uchoraji na kazi za mikono pamoja na muziki, ngoma na maigizo. Humo yaweza kuingia elimu ya kubuni bidhaa na vifungashio vyake, yaani namna ya kutengeneza kitu kizuri na kukivika vazi litakalokilinda njiani, kisha vazi hilo lisibaki kuwa takataka ya milele. Na kama kuna mahali ambapo elimu hiyo ni suala la chakula cha jioni, mahali hapo ni Dzaleka.

Makazi ya wakimbizi ya Dzaleka yako katika wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe. Yalifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa na gereza la utawala wa Kamuzu Banda. Yalikusudiwa watu wapatao 10,000 hivi. Siku hizi wamepita 50,000. Walio wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, ndiyo sababu Kiswahili husikika sokoni humo kama kinavyosikika Uvira au Bujumbura. Sheria ya Malawi inawataka wakimbizi wakae makazini. Mwezi Machi 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka, na mwezi Mei mwaka huohuo msako ukafanyika. Waliokuwa na maduka Lilongwe wakajikuta wanaanza upya juu ya ardhi kavu ya Dowa.

Tokea hapo neno kifungashio limepata uzito mwingine. Fundi anaweza kushona mkoba au kuchonga kijiko bora, ila mnunuzi mwenye fedha yuko City Centre, ile sehemu ya Lilongwe yenye ofisi, benki na maduka, iliyojengwa mbali na mji wa zamani baada ya makao makuu ya serikali kuhamishwa kutoka Zomba mwaka 1975. Fundi hakai huko. Bidhaa yake ndiyo inayosafiri, na mfuko au boksi iliyomo ndiyo inayomsemea mbele ya mtu asiyemjua. Ikifika imepondeka au imevikwa nailoni yenye vumbi, hakuna wa kuitetea.

Kwamba jambo hilo lawezekana limekwisha kuonekana. Shirika la There is Hope, lililoanzishwa mwaka 2006 na Innocent Magambi, mtu aliyekulia katika makambi ya wakimbizi, lina kazi ya mikono iitwayo Kibébé, ambayo mafundi wake, wakimbizi na Wamalawi, hushona wanasesere, mikoba na mapambo kwa vitambaa vya chitenje. Na kila mwaka Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Mkongo anayejulikana kwa jina la Menes la Plume, huwaleta watu wa mjini mpaka Dzaleka, wakasikiliza muziki na kununua kazi za mafundi papo hapo. Tamasha ni siku chache tu, ilhali mwaka una wiki 52.

Sasa nailoni. Mfuko mwembamba ambao Watanzania waliuita rambo, Wamalawi huuita jumbo. Mwaka 2015 Malawi ilipiga marufuku plastiki nyembamba chini ya maikroni 60, yaani isiyofikia sehemu 60 za milioni ya mita. Wenye viwanda wakaenda mahakamani, na shauri likazungushwa hadi Julai 2019, Mahakama Kuu ya Rufani ilipoikubali marufuku hiyo. Kwingine hatua zilikuwa za haraka zaidi: Rwanda mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Wembamba ndio ulioleta ugomvi. Mfuko mwembamba hupasuka mara moja, hupeperuka, na hakuna mwokotaji anayetaabika kuukusanya kwa sababu hauna uzito wa kulipwa. Huishia mfereji wa mvua, mtoni, au tumboni mwa mbuzi.

Kumwambia mwanafunzi habari hizo tu hakumfundishi kubuni. Afadhali mwalimu aanze kwa kulikunjua boksi. Boksi la sabuni au la dawa ya meno likifunguliwa taratibu mahali lilipogandishwa, hulala mezani kama ngozi iliyochunwa: hapa kuta nne, hapa kifuniko, hapa ndimi za kubandikia. Wanafunzi walichore hivyo lilivyolala, kisha wajaribu kubuni la kwao.

Hapo ndipo uchoraji unapokutana na hesabu. Chukua boksi la mraba la sentimita 10 kila upande. Lina nyuso sita, nalo laweza kukunjuliwa kwa mitindo 11. Mtindo unaowajia wengi kwanza ni wa msalaba; huo huhitaji karatasi ya sentimita 30 kwa 40, na nusu yake hukatwa ikatupwa. Lakini miraba mitatu ikipangwa juu na mitatu chini, ule wa kwanza wa chini ukae chini ya wa mwisho wa juu, yatosha karatasi ya sentimita 20 kwa 50. Zaidi ya hayo, maboksi ya namna hiyo yakichorwa mfululizo hushikana bila kuacha pengo kati yake, mbali na ndimi za kubandikia. Mama yeyote aliyemtazama fundi cherehani akigeuzageuza vipande vya gauni juu ya kitambaa kabla ya kutia mkasi anaijua elimu hiyo. Mwanafunzi akiigundua mwenyewe kwa mkasi na magazeti ya kale, haisahau.

Kisha karatasi ijaribiwe nguvu. Karatasi bapa haiwezi kusimama. Ikiviringwa kuwa bomba hubeba vitabu. Boksi lenye mawimbi ndani hustahimili mzigo mawimbi yakisimama wima, na hulegea yakilala. Mfuko uliobuniwa utiwe kilo mbili za unga, uzungushwe uwanja mzima, na uliopasuka urudi mezani uchunguzwe ulipopasukia. Aghalabu ni kwenye mpini au pembe ya chini, hata kama ua lililochorwa ubavuni ni zuri namna gani.

Jambo jingine la kuchunguza ni mchanganyiko. Pakiti ya krispi inayong'aa ndani ni tabaka za plastiki na madini zilizogandishwa pamoja, na kuzitenganisha ni kazi isiyolipa. Kwa hiyo hata penye kiwanda cha kurejeleza taka, pakiti hiyo hutupwa. Chupa ya maji ni ya plastiki ya aina moja, nayo ina wanunuzi. Mbuni mwenye akili hutumia kitu kimoja, au viwili vinavyoachana kwa mkono: karatasi iliyofungwa kwa uzi, si karatasi iliyopakwa nailoni.

Na wanafunzi waulize nyumbani. Mama wa Kikongo anajua chikwanga, muhogo unaofungwa katika majani, ukapikwa humo, ukabebwa humo, na majani yakaoza bila kumsumbua mtu. Mpwani anajua pakacha la makuti. Mmalawi ana maganda ya mahindi, ambayo yakikaushwa vizuri hufaa kusukwa, na hufaa zaidi kujazwa boksini ili chungu kisigongane na chungu mwenziwe njiani.

Gundi isinunuliwe. Unga wa muhogo au wa ngano ukorogwe kwa maji baridi, uongezwe maji, upikwe kwa moto mdogo hadi uwe mzito. Chumvi kidogo huchelewesha kuvunda. Muhuri wa kupigia chapa hukatwa kwa kiazi. Lakini yapo yasiyofaa. Gazeti lisiguse chakula, hasa chenye mafuta, kwa kuwa wino huhamia humo. Mfuko wa saruji hutoa karatasi imara, ila vumbi lake huunguza macho na ngozi. Mwalimu aukung'ute mwenyewe nje, atumie tabaka za kati, wala usifungiwe kitu cha kuliwa. Makopo ya dawa za mashamba yasiingie darasani kabisa, hata yakioshwa mara saba.

Lebo nayo ina mafunzo yake. Upo mtindo wa kuandika kwa herufi kubwa kwamba kitu kimetengenezwa na mkimbizi, ili mnunuzi aone huruma. Huruma hununua mara moja. Mkoba wenye mshono ulionyooka na lebo inayotaja kitambaa, namna ya kuufua na mahali uliposhonwa humrudisha mnunuzi mara ya pili. Dzaleka itajwe kama Dedza inavyotajwa kwa vyungu vyake. Mbuni Victor Papanek, katika kitabu chake cha mwaka 1971, alisimulia redio aliyoibuni pamoja na mwanafunzi wake kwa kopo tupu, ikiendeshwa kwa moto wa utambi na nta. Wataalamu wa Ulaya waliiona mbaya kwa kuwa haikupakwa rangi. Yeye aliiacha hivyo makusudi, na watu wa Indonesia wakaipamba wenyewe kwa vitambaa na makombe. Mwanafunzi wa Dzaleka naye asiletewe nakshi ya kunakili. Ana za Bukavu, za Gitega na za Dowa za kuchagua.

Kikwazo kikubwa kinakaa jikoni. Kuni na mkaa ni adimu Dzaleka, na boksi kavu ndilo huwasha jiko asubuhi. Mwalimu anayewaambia watoto walete maboksi kutoka nyumbani anaomba sehemu ya kuni za mama yao, na asishangae wakija mikono mitupu. Maboksi hayo yatoke maduka ya City Centre, ambako hutupwa nyuma ya majengo kila jioni. Lori linalopeleka bidhaa za mafundi mjini laweza kurudi nayo, yakiwa yamelazwa bapa na kufungwa kamba, na vipande vitakavyobaki baada ya somo vigawiwe watoto waende navyo nyumbani kuwashia moto.