Droni Yako Imeundwa kwa Upepo wa Wapi?

Haya jamani, leo nina ugomvi. Kila nikisoma kazi za wanaobuni droni za maumbo mapya, zile zisizo na mkia au zilizo bawa tupu, nakutana na majigambo yaleyale: kompyuta imetafuta umbo bora, ukinzani wa hewa umepungua kwa asilimia kadhaa. Swali langu ni moja tu. Umepungua siku gani?

Mara nyingi ni siku ya vitabuni: usawa wa bahari, nyuzi 15, hewa imetulia, kila mita ya ujazo ina kilo 1.225. Mimi niko Makupa. Mchana joto likifika nyuzi 32, hewa hiyo hushuka hadi kama kilo 1.16. Ipeleke droni hiyohiyo Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, na mchana wa joto hewa itapungua kwa karibu moja ya tano. Hapo bado sijataja kusi ya Julai, wala tangambili, wakati hata nahodha mzee hakuahidi upepo utatoka wapi.

Utaniambia hayo ni madogo. Si madogo. Mwaka 1998 Mark Drela wa MIT alionyesha kwamba ukiiagiza kompyuta itafute umbo kwa hali moja tu, bawa huota matuta madogo yanayoifaa hali ile peke yake. Ukitoka hapo kidogo, faida inayeyuka. Sisi waandika programu tunaujua ujanja huu: ni msimbo ulioandikwa ufaulu jaribio moja.

Na ndege za maumbo mageni ndizo huumia zaidi, kwa kuwa hazina uzoefu wa miaka mingi nyuma yake. Helios ya NASA, bawa tupu la mita 75, ilivunjika karibu na Hawaii tarehe 26 Juni 2003 baada ya kukutana na msukosuko wa hewa. Bawa lilijipinda juu, ndege ikapoteza utulivu. Aquila ya Facebook, iliyokusudiwa kurusha intaneti kwa wasio nayo, ilivunjika bawa ikitua Arizona mwezi Juni 2016. Upepo wa ghafla ulichangia. Mradi wa kuiunda ulifungwa 2018. Hao walikuwa na pesa na wataalamu. Wewe una nini?

Dawa inajulikana. Usipime siku moja. Chukua joto, upepo, mwinuko na uzito wa mzigo jinsi vinavyobadilika, kisha tafuta umbo lenye wastani mzuri na lisiloyumba sana hali zikigeuka. Utapoteza kidogo kwenye ile siku ya vitabuni. Poteza!

Msiniambie ni gharama. XFOIL, programu ya huyohuyo Drela, ni ya bure, na hupima umbo la bawa kwa sekunde chache kwenye kompyuta ya kawaida. Acha ikimbie usiku kucha na hali elfu moja. Haimalizi kazi yote, lakini itakuumbua mapema, kabla bahari haijakuumbua.

Maana tunazungumzia droni za kubeba damu na dawa hadi visiwani Lamu. Mama anayevuja damu kule hatangoja upepo utulie. Mnaobisha, nileteeni grafu ya kusi, si ya siku ya nyuzi 15.