Tisa Zisizokoma Ni Moja Kamili

Wako watu wengi, na miongoni mwao wamo walimu wa hesabu, waaminio kwa yakini kwamba desimali ya sifuri na nukta, ifuatwayo na tisa zisizo na ukomo, yaani 0.999…, huikaribia moja bila ya kuifikia kamwe. Itikadi hiyo ni batili, nayo haifai kuachwa ipite, kwa sababu huipotosha fahamu ya kijana katika jambo lililo msingi wa ilimu ya hesabu.

Chanzo cha upotofu ni kuidhania namba kuwa msafiri. Wasemao hivyo huziona tisa zile zikienda moja baada ya moja, kila hatua zikipunguza masafa, na daima zimo njiani. Ilhali namba haina miguu. Nukta tatu zile za mwisho hazisemi kwamba yuko mtu angali akiandika. Zasema kwamba tisa zote zimekwisha kuwapo, kila moja mahali pake, na namba itajwayo imesimama pahali pamoja. Namba 0.999 yenye tisa tatu tu kweli ni pungufu, kwa sehemu moja katika elfu, lakini hiyo ina mwisho, wala siyo tuijadiliyo. Basi adaiye kwamba upo upungufu na ataje kiasi chake: akitaja sehemu moja katika milioni, tisa ya saba imekwisha kumkanusha, akitaja kiasi kidogo kuliko hicho, zimo tisa nyingine mbele zimkanushazo vile vile, na tofauti iliyo ndogo kuliko kila kiasi kiwezacho kutajwa ni sifuri.

La kustaajabisha ni kwamba watu hao hao hawateti juu ya thuluthi. Waambie kuwa thuluthi ni 0.333…, watakubali papo hapo; zidisha hiyo kwa tatu, wataruka. Lakini warithi watatu waliogawiwa mali ya baba yao sawasawa, mafungu yao yakikusanywa tena, hupatikana mali yote, wala haibaki chembe ya kutafutiwa mwenyewe.

Wala desimali si jambo geni kwa wanahisabati: Al-Kashi alizifafanua sehemu za kumi katika kitabu chake alichokikamilisha mwaka 1427, na mwaka 1770 Leonhard Euler, katika kitabu chake cha aljebra, alionyesha kwamba 9.999… ni 10. Kinachowashinda watu, kwa rai yangu, ni kudhani kwamba kila namba ina maandishi yake mamoja tu. Nusu huandikwa 1/2, huandikwa 2/4, huandikwa 0.5, na 0.4999… pia ni nusu ile ile, haikuongezeka wala haikupungua.

Nawasihi walimu: mwanafunzi aulizapo kama 0.999… ni moja, asijibiwe kwamba ni karibu na moja. Ajibiwe kwamba ndiyo, ni moja, kisha apewe hoja.