Mama Mdogo Hakulia

Mwaka jana niliandika kisa cha mama mdogo wangu nikakisoma mbele ya wenzangu wa shahada ya uzamili. Wawili walifuta machozi. Mmoja aliniambia hajawahi kusoma simulizi ya kweli iliyomuuma namna ile.

Sehemu iliyowaliza ilikuwa hii: mama mdogo, baada ya miaka ya kupigwa, anatoroka nyumbani kwa mumewe Kilosa alfajiri. Mvua inanyesha, mtoto yuko mgongoni, naye analia kwa kwikwi mpaka basi la Mikumi linaondoka.

Likizo ilipofika nilimsomea mwenyewe, Mikumi, kwenye kibanda chake kando ya barabara kuu anapowauzia madereva wa malori chai na maandazi. Alisikiliza huku akigeuza maandazi. Nilipomaliza akauliza, "Hiyo mvua umeitoa wapi, mwanangu?"

Nikanyamaza.

"Halafu mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu nauli. Nikakumbuka nimesahau karai, nikakasirika mpaka mikono ikatetemeka. Lile karai ndiyo ilikuwa biashara yangu."

Nikajitetea kwa yale tunayoambiana darasani: kwamba ukweli wa hisia unazidi ukweli wa tukio, ilimradi msomaji aguswe. Akanitazama. "Shauri letu liko baraza la usuluhishi. Ndugu zake wakijua mvua umeitunga, na kipigo si watasema umekitunga?"

Sikuwa na jibu, na sijaona mwandishi yeyote wa simulizi za kweli mwenye jibu.

Msinielewe vibaya, siipigi vita hadithi ya kubuni. Nilisoma Rosa Mistika nikiwa sekondari, na Zakaria alipompiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, nililia. Kezilahabi alikuwa na haki ya kunyesha mvua zote alizotaka. Hakuna baraza litakalomwita Zakaria, wala Rosa hatapoteza shauri kwa sababu mwandishi aliongeza chumvi. Msomaji anajua tangu kwenye jalada kwamba ni riwaya.

Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1971. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, ambayo kifungu chake cha 66 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Sentensi hiyo haimlizi mtu. Lakini ndiyo mama mdogo aliyokuwa akiitegemea, nayo inataka kujua jambo moja tu: nini kilitokea?

Mtaniambia ukweli mkavu haugusi. Nakubali, nusu. Desemba 2000, katika wilaya hiihii ya Kilosa, watu 38 waliuawa kijijini Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Wengi wetu tumebaki na namba tu. Tungeguswa kama mtu angeenda kuuliza nani alikuwa anafanya nini asubuhi ile, chungu gani kilibaki jikoni. Dawa ya namba kavu ni kwenda kuuliza tena. Mimi sikuuliza. Nilikaa bwenini nikatunga chozi.

Kwa nini nililitunga? Kwa sababu niliogopa kwamba mwanamke anayehesabu nauli hataonewa huruma. Hilo ndilo linaloniaibisha hadi leo. Kuna watu wanaomtazama mwanamke aliyepigwa na kuuliza, "Mbona halii?" Nami niliandika kama mmoja wao. Kila tunapomwongezea mtu machozi ili aaminiwe, tunamfundisha msomaji kuwa asiyelia hakuumia. Kesho atakutana na jirani yake mwenye macho makavu, atampita.

Nimeiandika upya. Mvua imetoka, karai limeingia. Darasani safari hii hakuna aliyefuta machozi. Mmoja alisema toleo la kwanza lilikuwa na nguvu zaidi. Mama mdogo alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Hapo sawa," akaniambia nimwandikie na bei ya karai jipya.

Basi nawaomba, wenzangu mnaoandika mateso ya watu walio hai: kabla ya kuchapisha, msomeeni mwenyewe. Kama amefariki, wasomeeni waliokuwepo. Na kama kuna sentensi ambayo huwezi kuisoma mbele yake, ifute, au uandike juu kabisa kwamba ni hadithi ya kubuni.