Pikipiki Kuukuu na Haki ya Walioitunza

Siku hizi limezuka pendo la vyombo vya kale. Wenye uwezo katika Nairobi, na hata huku kwetu Mombasa, wazitafuta pikipiki za zamani kama wazee wetu walivyotafuta udi na ambari. Mtu akisikia kwamba iko pikipiki ya Kiingereza ya wakati wa vita imelala uani kwa fulani, alfajiri yuko mlangoni na fedha mkononi. Ataichukua, ataitengeneza, ataipaka rangi, kisha ataipeleka kwenye maonyesho watu waitazame.

Jambo lenyewe si baya, na mimi ni mmoja wa walipendao. Lakini liko suala moja ambalo silisikii likiulizwa, nami naliuliza leo katika ukurasa huu. Yule aliyekihifadhi chombo hicho miaka sabini na zaidi, na yule aliyekifufua kwa mikono yake, wana haki gani ndani yake?

Nauliza kwa sababu nimewaona watu hao kwa macho yangu, mmoja Kibera na mwingine Kawangware, na wote wawili si watu wa kuandikwa majina yao katika magazeti.

Kibera twaijua kwa sifa mbaya tu, kwamba ni mabanda na matope. Wachache wakumbuka kwamba mji ule asili yake ni wa Waislamu wenzetu. Askari wa Kinubi wa jeshi la KAR, ambao asili yao ni Sudan, walianza kukaa hapo yapata 1904, na jina lenyewe, Kibra, kwa lugha yao ni msitu. Walipigana Vita Kuu ya kwanza, wakapigana na ya pili. Waliosalimika wakarudi kukaa katika ardhi ambayo haikuwa na hati. Serikali haikuwapa hati ya ardhi ya jumuiya mpaka 2017, nayo ni ekari 288 tu, katika ardhi ambayo hapo mwanzo ilikuwa zaidi ya ekari 4,000. Basi watu ambao ardhi yao ilingoja karatasi zaidi ya miaka mia, si ajabu pikipiki yao ikakosa karatasi.

Mwaka jana sahibu yangu mmoja, mtu wa Mombasa afanyaye biashara Nairobi, alinichukua mpaka sehemu ya Makina kutazama pikipiki ya aina ya BSA M20. Msomaji asiyeijua nitamweleza kwa ufupi. BSA ilikuwa kampuni ya Birmingham, Uingereza, iliyoanza kwa kuunda bunduki, na ndiyo maana alama yake ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. M20 ilianza kuundwa 1937, na vita vilipozuka jeshi la Waingereza likaifanya farasi wake wa kupelekea barua na amri. Injini yake ni ya silinda moja ya sisi 500, haina mbio, lakini ina subira ya punda. Yasemekana ziliundwa kama 126,000 kabla ya kusimamishwa 1955. Kampuni yenyewe ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Hiyo tuliyoikuta Makina ilikuwa chini ya paa la bati nyuma ya nyumba, imefunikwa gunia, na kuku wametaga juu ya tangi. Bibi mwenye nyumba, mjane wa makamo ya juu, alitueleza kwamba baba mkwe wake alikuwa askari wa KAR, akainunua jeshi lilipouza vyombo vyake vya ziada baada ya vita. Mumewe akairithi, akaipanda mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha ikakwama. Wajukuu walikuwa wamekwisha kuleta dalali wa vyuma chakavu, naye akawatajia bei ya kilo. Pikipiki hiyo ina uzito wa kilo 160 na ushei. Mahesabu yake ni mepesi, na bei yake ni ya kusikitisha.

Sahibu yangu akamwambia, "Bi Mkubwa, chombo hiki hakiuzwi kwa kilo. Kikitengenezwa, thamani yake itapita mara nyingi hiyo uliyotajiwa. Ukipenda uza, ukipenda ngoja, ulizia kwingine."

Bibi akacheka. "Mwanangu, wewe umekuja kununua ama kunikataza kuuza?"

Nataka nisimame hapa kidogo, maana hapa ndipo wengi wapotokapo. Wako watakaosema kwamba biashara ni ujanja, na mwenye mali asiyejua bei ya mali yake ni juu yake mwenyewe. Haya si mafunzo tuliyosomeshwa chuoni. Sote twajua kwamba Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu kutoka nje ya mji kuupokea msafara wa biashara kabla haujafika sokoni, na kwamba mwenye mali akifika sokoni akaijua bei ana hiari ya kuvunja mauzo. Sababu yake i wazi: yule mgeni wa jangwani hakuijua bei, na aliyempokea njiani ameijua. Basi kuna tofauti gani baina ya msafara ule na mjane wa Makina? Soko la pikipiki za kale halifiki uani kwake. Anayemwendea kabla hajalijua soko amemkuta njiani.

Tena lipo la mirathi. Pikipiki ile ilikuwa mali ya marehemu. Mjane mwenye watoto fungu lake ni thumni, na saba zilizobaki zina wenyewe. Mnunuzi atakayemlipa bibi peke yake akaondoka na chombo ameondoka na mali ya watu hawajasema ndiyo. Sahibu yangu aliwataka watoto wote waje. Siku tatu zilipita mpaka wakakutana, mmoja akitoka Nakuru. Wakaandikiana mbele ya mashahidi wawili: bei ya siku ile, na sharti kwamba akija akiiuza baadaye, warithi watapata fungu katika faida. Walikwenda na kwa chifu, ili kusiwe na mtu wa kuuliza njiani chuma hiki kimeibiwa wapi. Hakuna aliyetoka pale akinung'unika.

Kutoka Kibera tuliipakia kwenye mkokoteni mpaka Ngong Road, kisha kwenye gari, tukashika njia ya Naivasha Road kuelekea Kawangware. Huko ndiko aliko fundi, mzee wa Kikikuyu aliyejifunza kazi katika gereji ya Mhindi akiwa kijana. Karakana yake ni paa la mabati na sakafu ya udongo uliolowa oili mpaka ukawa kama lami. Vijana waliomzunguka hutengeneza pikipiki za bodaboda. Hizo ziliingia kwa wingi tangu 2008, serikali ilipoziondolea kodi pikipiki ndogo, na vipuri vyake vyapatikana katika kila duka. Kikiharibika kitu hutupwa, kikatiwa kipya. Kwa BSA hilo halipo. Tairi zake ni za inchi 19, na bodaboda nyingi zatumia za 17 ama 18. Hata tairi tu ni ya kutafutwa.

Fundi alikuta pistoni imeganda ndani ya silinda. Alifungua kichwa cha injini, akamimina dizeli na oili, akaiacha siku tisa. Kila asubuhi akigonga kidogo kwa kipande cha mti mgumu, kisha akiiacha. Vijana walitaka kutia nyundo, akawafukuza. Siku ya kumi ikashuka yenyewe. Vali alizisaga kwa mkono. Sumaku ya kutoa cheche ilikuwa imeingia unyevu, akaipeleka kwa mtu wake wa kusuka nyaya, akairudisha ikiwa hai. Bushi za shaba zilikerezwa Kawangware hapo hapo. Kazi nzima ilichukua miezi mitano, na sehemu kubwa ya miezi hiyo ilikuwa ni kungoja na kusikiliza.

Ubishi ulizuka juu ya kitu kimoja kidogo. Kanyagio la breki halikuwa la kiwandani. La asili lilivunjika zamani, na mhunzi mmoja wa Kibera, ambaye hata jina lake hatukulipata, alifua jingine kutoka katika springi ya lori. Alama za nyundo zaonekana bado. Sahibu yangu alitaka litolewe, aagizie la asili kutoka Uingereza, ili pikipiki iwe kama ilivyotoka Birmingham.

Fundi akamwambia, "Shehe, hili halijavunjika tangu liwekwe. Lile la kiwandani ndilo lililovunjika."

Mimi nilikuwa upande wa fundi, na ningali upande wake. Wenye mapenzi ya vyombo hivi husema kwamba kutengeneza ni kurudisha hali ya kwanza, na lolote lililozidi ni doa. Nawaelewa, mtu hataki kuona msumari wa juzi katika mlango wa karne iliyopita. Lakini hebu tufikiri. Pikipiki hii ilipotoka kiwandani ilikuwa na ndugu zake zaidi ya laki moja, wote sura moja. Ukiirudisha ilivyokuwa siku ile, umeirudisha katika kundi. Linaloifanya iwe nadra, isiyo na mfano mahali popote duniani, ni lile kanyagio la Kibera. Likitolewa, tumeondoa ushahidi kwamba chombo hiki kiliishi kwetu. Sisi watu wa Pwani tungepaswa kulifahamu hili kuliko wengine. Ukikuta muswada wa utenzi wa kale, na pambizoni mna khati ya mnukuzi aliyesahihisha neno, hufuti khati ile. Huenda ikawa ndiyo ya thamani kuliko karatasi yenyewe. Kanyagio lilibaki, na breki yashika.

Sasa nirudi kwenye suala langu. Nchi yetu imewasifu mafundi wa jua kali kwa muda mrefu. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa waliandika ripoti juu ya Kenya, wakasema kwamba kazi hizi si uvivu wala uhuni, ni uchumi. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, na baada yake vibanda vikajengwa. Hayo yote ni mema. Lakini sifa ya jumla haimlishi mtu mmoja, wala haihifadhi jina lake. Yule mhunzi wa springi ya lori alisifiwa pamoja na wenzake wote, na leo hatujui aliitwa nani.

Kwa upande mwingine, vyuma vyenyewe vyaondoka. Mwezi wa Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya hujuma za mitambo ya umeme, kisha mwaka huo huo ikafunguliwa tena. Ilipofungwa, hakuna aliyetaja pikipiki za kale. Na ilipofunguliwa, hakuna aliyezitaja vilevile. Mizani ya dalali haina macho. Chombo cha mwaka 1942 na sufuria iliyotoboka hulala juu yake sawasawa.

Nairobi ina maonyesho yake makubwa ya magari na pikipiki, Concours d'Elegance, yaliyoanza 1970, na kwa miaka mingi yamefanywa katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, mwendo wa miguu tu kutoka Kibera. Waamuzi hukagua usafi wa injini na uzuri wa rangi. Nina ombi moja kwa waandaaji wa maonyesho ya namna hii popote yalipo: kila chombo kiwe na kibao, na juu ya kibao yaandikwe majina ya mwenye mali, ya jamaa waliokihifadhi ikiwa wameridhia, na ya fundi aliyekitengeneza. Kibao hakina gharama. Fundi wa Kawangware akisomwa jina lake na watu elfu, kesho atapata kazi, na kijana wake ataona kwamba kusikiliza injini ni elimu yenye heshima, si kazi ya walioshindwa na shule.

Na kwenu wasomaji wa Pwani, msidhani haya ni mambo ya bara. Milango yetu ya nakshi imeng'olewa Lamu na Mombasa ikauzwa na wasiojua kwa wanaojua, na jina la mchongaji halikufuatana nayo. Vespa za baba zetu ziko nyuani zikiliwa na chumvi ya bahari. Mwenye nayo asiiuze wiki hii kwa kilo. Aulize kwanza thamani yake, awakusanye warithi wenziwe, na kama ameamua kuitengeneza, aweke daftari: nani aliipanda, nani aliitengeneza, na nini kilibadilishwa. Akiwa ni mnunuzi, amwambie muuzaji bei anayoijua yeye kabla ya kumtajia ile anayotaka kulipa.