Yafaa Tujue Kufungua Bonneti

Katika gazeti hili la shule wenzangu wamekwisha andika juu ya michezo, juu ya usafi wa mabweni na juu ya namna ya kujitayarisha kwa mtihani. Mimi naomba nafasi niseme juu ya jambo ambalo huenda likawachekesha wengine, hasa likiandikwa na msichana, nalo ni utunzaji wa motokaa. Wacheke kwanza, kisha wasome.

Maoni yangu ni kwamba kila mwanafunzi wa sekondari hapana budi ajue kazi ndogo ndogo za gari: kutazama maji na oili, kupima upepo wa tairi, kubadili tairi, kusafisha vichwa vya betri. Tena azijue kwa mikono yake, wala si kwa daftari. Sisemi hivi kwa sababu nataka kuwa fundi, ijapokuwa nikiwa fundi sitaona aibu. Nasema kwa sababu mambo haya mimi niliyajua kwa daftari, na daftari langu halikumfaa mtu.

Nyumbani kwetu ni Butiama, lakini likizo ya mwezi wa sita mwaka jana, nilipokuwa kidato cha tatu, nilikaa Bunda kwa baba yangu mdogo. Yeye alikuwa na gari dogo la abiria liendalo Musoma na kurudi, safari ya kama kilomita 70 kila upande. Gari lile ndilo lililokuwa shamba lake. Kila asubuhi mimi ndiye niliyefagia uwanja, na kila asubuhi nilikuta doa la maji chini ya pua ya gari. Siku za kwanza lilikuwa kama kisahani. Wiki ya pili likawa kama sinia. Nilimwambia utingo, naye akacheka, akasema, "Dada, hayo ni maji ya kiyoyozi. Magari yote hudondosha." Nikanyamaza, nikaendelea kufagia.

Utingo hakusema uongo mtupu. Kiyoyozi hudondosha maji kweli, maana hewa yenye unyevu ikigusa mabomba ya baridi hutoa matone, kama yale tuyaonayo nje ya bilauri ya maji baridi. Lakini kiyoyozi cha gari lile kilikufa kabla baba mdogo hajalinunua, nasi tulisafiri madirisha wazi, vumbi lote letu. Kiyoyozi kilichokufa hakina maji ya kudondosha. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la nne angeiweza. Mimi sikuifanya, kwa kuwa nilidhani mambo ya chini ya gari hayanihusu.

Liko na jambo jingine ambalo nimelijua baadaye. Rejeta ya gari hutakiwa itiwe maji maalumu yaitwayo kulanti, ambayo huwa ya kijani, au mekundu, au rangi nyingine kali. Maji hayo huzuia kutu, tena hukawia kuchemka. Zaidi ya hayo, rangi yake ni mlinzi, maana tone la kijani chini ya gari halifanani na kitu kingine. Lakini huku kwetu wengi hutia maji ya bomba au ya kisima, na wengine ya ziwa, kwa kuwa ni rahisi kupata. Maji ya kisima aghalabu huacha magamba ndani ya rejeta, kama yale yaonekanayo ndani ya birika la chai, na rangi hayana. Basi rejeta ikivuja, huvuja kwa siri.

Siku ya kurudi shuleni nilipanda gari hilo pamoja na sanduku langu na ndoo. Tulikuwa tumekwisha pita Kiabakari mshale wa joto ulipofika juu kabisa. Baba mdogo akasimamisha gari kando ya barabara. Utingo akafungua bonneti, akashika mfuniko wa rejeta kwa kitambaa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Majuma machache kabla ya siku hiyo, katika mtihani wa fizikia, nilieleza kwa Kiingereza safi kabisa kwamba maji yaliyofungwa katika chombo chenye kanieneo kubwa huchemka kwa joto kubwa zaidi, nikapewa alama zote. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo sufuria iliyo wazi hapa Musoma huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, haifiki 100. Lakini ndani ya rejeta iliyofungwa maji yaweza kupita nyuzi 110 na bado yakawa maji. Ukifungua mfuniko, kanieneo huondoka mara moja, na maji yale hugeuka mvuke kwa ghafula, yakaruka. Hayo yote niliyajua. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale, wala sikusema neno. Haikunijia akilini kwamba lile swali la mtihani ndilo lile lililokuwa mbele yangu. Maji yaliruka. Kijana yule ana kovu tangu kiwiko hata kiganja.

Kisha tukafanya kosa la pili. Katika ile fadhaa mtu alileta ndoo ya maji baridi, nayo ikamiminwa yote ndani ya injini iliyokuwa ingali moto. Chuma chenye moto kikipata baridi ghafula hujikunja au hupasuka. Tukaendelea na safari, na kabla ya Makutano gari likaanza kukohoa na kutoa moshi mweupe. Mjini, fundi alipochomoa kijiti cha oili, tulikuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, maana yake maji yamekwisha ingia ndani yake. Siku chache baadaye injini ikanoki.

Mpira wa rejeta uliokuwa umetoboka ulikuwa wa Sh. 15,000. Injini nyingine, iliyokwisha tumika, ilikuwa Sh. 1,400,000. Dada yangu, binti wa baba mdogo, alikuwa amekwisha pata nafasi katika chuo cha uuguzi. Fedha zake ndizo zilizonunua injini. Hata leo yuko nyumbani, anauza vitumbua karibu na stendi ya Bunda, naye hajapata kunilaumu hata mara moja, maana hajui habari ya lile doa. Akisoma gazeti hili atajua. Methali ya ufa na ukuta sote tuliiandikia insha tulipokuwa shule ya msingi. Ufa wangu niliufagia kila asubuhi.

Watu wengi, gari likifa, humlaumu fundi wa chini ya mti. Husema, mafundi wa mitaani ni waharibifu, hawana vyeti, hukisia tu. Sikatai kwamba wapo walio hivyo. Wapo hata watoao kifaa kizima wakaweka kibovu, na dawa yake ni mwenye gari kudai kile cha zamani akione kwa macho yake. Lakini likizo hii nilikwenda kukaa siku sita katika gereji moja Bunda, chini ya mwembe, nikamwuliza mzee mwenye kazi juu ya lawama hizo. Alinijibu akiwa amelala chini ya lori, miguu tu inaonekana: "Mwanangu, magari hayafi kwangu. Huletwa yamekwisha kufa." Nilihesabu mwenyewe. Katika magari tisa niliyoyaona siku hizo, manne yaliletwa kwa ubovu ambao mwenye gari angeuona mapema kama angefungua bonneti mara moja kwa juma.

Mzee huyo alinifundisha kupima oili. Gari liwe mahali tambarare, injini izimwe kwa dakika chache ili oili ishuke. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena, ndipo usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikizidi ya juu nayo ni hatari, jambo ambalo madereva wengi hawalijui, hudhani kuzidisha ni kulitendea gari wema. Alinionyesha pia karatasi iliyobandikwa mlangoni upande wa dereva. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yamekwisha tumika, na karatasi hiyo imeandikwa Kijapani, kwa hiyo watu hawaitazami. Lakini tarakimu ni zile zile zetu. Ukiona 220, huo ndio upepo wa tairi kwa kilopaskali, nao ni sawa na 32 ya geji zetu za PSI, tena upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi. Nilifurahi mno kuisoma karatasi ile, kana kwamba nimesoma barua niliyoandikiwa mimi.

Vichwa vya betri vikiota unga mweupe au wa kijani, huoshwa kwa maji ya moto na magadi, haya haya ya jikoni. Magadi ni besi, hivyo huua asidi. Wa kemia watanielewa. Wakati wa kufungua anza na hasi, na wakati wa kufunga maliza na hasi, ili spana ikigusa bodi isipige cheche. Mafuta ya breki je? Yakipungua, wengi huongeza tu na kwenda zao. Lakini hayapungui bure. Ama yanavuja, ama pedi zimelika na mafuta yamefuata pistoni iliyosogea mbele. Kuongeza bila kutazama pedi ni kuificha habari ambayo gari lilikuwa likikupa. Na katika kubadili tairi, nati hulegezwa kabla gari halijainuliwa, magurudumu mengine yazuiwe kwa mawe, wala mtu asiingize hata bega lake chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Jambo moja sikulipenda pale mwembeni, nami nilimwambia mzee kwa heshima. Oili chafu ilimwagwa chini. Mvua ikinyesha huchukuliwa na mitaro na vijito mpaka ziwani, na sisi wa Musoma maji yetu ya kunywa hutoka ziwa hilo hilo. Alikubali kuikusanya katika dumu. Wengine huinunua kupaka nguzo ili mchwa wasile, hivyo hata hapotezi.

Sasa nawageukia wazazi na walimu wangu. Wazazi wetu hutuambia, "Soma, usije ukawa kama wale wa gereji." Nawaelewa, kwa kuwa wametaabika. Lakini neno hilo hutufundisha kwamba mikono yenye grisi ni alama ya mtu aliyeshindwa, ndiyo maana nami niliona maji chini ya gari nikaona si kazi yangu. Walimu nao watasema mtihani haumwulizi mtu habari za rejeta. Ni kweli kwamba neno rejeta halimo. Lakini kanieneo limo, kupanuka kwa metali kumo, asidi na besi zimo, nami naamini mwanafunzi aliyegusa mambo hayo kwa vidole hatayasahau.

Tena sisi wa Musoma twapaswa kuona haya zaidi ya wengine. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana katika mji huu huu, ikatoa Azimio la Musoma, lililotaka elimu na kazi viende pamoja. Lilitaka hata mwanafunzi amalizaye sekondari afanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Utaratibu huo wa kwenda kazini kwanza uliachwa baadaye, na huenda ulikuwa na taabu zake, sitaki kuufufua. Naufufua ule moyo tu. Mwaka 2024 mkondo wa amali ulianza kwa kidato cha kwanza katika baadhi ya shule, nasi tuliotangulia ukatupita. Je, tungoje nini? Kufungua bonneti hakuhitaji mtaala, wala karakana, wala fedha. Kunahitaji gari moja na kitambaa cha kufutia kijiti.

Gari hilo tunalo. Gari la shule hulala nyuma ya jiko, na dereva wetu hulikagua kila Jumamosi saa moja asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Nilimwomba ruhusa mwalimu wa zamu, akanikubalia kwa sharti kwamba tusiguse injini ikiwa moto na tuwe tumemaliza usafi wa mabweni. Jumamosi iliyopita tulikuwa wanne, wasichana watatu na mvulana mmoja aliyekuja kutucheka akabaki. Oili ilikuwa katikati ya alama mbili. Kulanti ilikuwa ya kijani. Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa na upepo pungufu, na tulipolizungusha polepole tulikuta msumari. Dereva amesema Jumamosi hii atatuonyesha namna ya kuliziba. Anayetaka kuja aje na kitambaa chake, maana changu kimekwisha.

Mwanafunzi, Kidato cha IV